Goti la Febronia kwenye Ufa wa Mwamba

Dada yangu Febronia hakuanguka, na hilo ndilo lililotuchanganya sote. Alikuwa mita nne juu ya ardhi, kamba imemshika kiunoni, mguu wa kulia ameuchomeka kwenye ufa wa mwamba ulio juu ya kijiji chetu, Mchombe. Akauvuta ili autoe. Kitu kikalia ka. Tulipomshusha, goti lilikuwa limeshaanza kuvimba kama andazi.

Febronia ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Ana miaka thelathini na moja na amelima mpunga tangu utotoni. Mwaka huu alijiunga na mafunzo ya kuongoza wageni wanaokuja kupanda miamba, na mimi ndiye niliyemshawishi. Nilirudi kutoka chuoni na hasira moja kifuani: wageni wanapanda milima yetu, sisi tunawabebea mabegi. Mpaka lini? Kati ya wanafunzi tisa alikuwa mwanamke pekee. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki nane, na asiyeufanya angepoteza nafasi yake.

Nyumbani kila mtu akawa daktari. Mama mkubwa, Verediana, alichemsha maji akalikanda goti. Ngusa, mwalimu wa mafunzo yao, Msukuma asiye na maneno mengi, alisema alale mwezi mzima. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba goti lisilotembea hukakamaa, nikasema aanze mazoezi mara moja.

"Nyie watatu," Febronia alisema, "mkishakubaliana mniamshe."

Mwishowe akanisikiliza mimi, msomi wa familia. Siku ya nne alichuchumaa na kusimama mara ishirini. Jioni hakuweza hata kuvaa suruali. Niliona aibu, na sikujua tena nimwamini nani.

Nikampeleka hospitali Ifakara, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aitwaye Sada.

"Ulianguka?" Sada aliuliza.

"Hapana."

"Uligonga mwamba?"

"Hapana, dada. Niliutoa mguu tu."

"Uliutoaje?"

Febronia alishindwa kueleza. Akachukua mguu wa kushoto, ule usioumwa, akauchomeka kati ya miguu ya benchi. Akazungusha kisigino nje, goti likaingia ndani, ndipo akaanza kuvuta.

Sada akamshika bega. "Basi, usiniletee la pili. Wewe ni wa majaruba. Hivyo ndivyo tunavyotoa mguu kwenye matope, tunauzungusha mpaka tope liachie. Jiwe haliachii. Linalozunguka ni goti."

Alilikagua goti la kulia kwa muda mrefu, akasema nyuzi zinazolishika zimevutika lakini hazijakatika. Tusilikande tena. Tulifunge bandeji, mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi. Uvimbe ukiisha, mazoezi yaanze kidogo kidogo. Likikwama au likigoma kunyooka, arudi siku hiyo hiyo.

"Na wiki sita usikanyage matope," aliongeza.

"Dada, huu ni wakati wa kupandikiza."

"Najua. Mimi ni wa Mngeta, kwetu pia ni mpunga."

Mama mkubwa hakuyaelewa kabisa mazoezi yenyewe. Mtu mzima anasimama ukingoni mwa tuta, anashusha mguu mmoja polepole mpaka chini, anaupandisha, anarudia, huku wenzake wameinama majini. Mimi niliingia jarubani badala yake, na hilo likamchanganya mama mkubwa zaidi.

"Febronia, ngazi gani hiyo isiyofika?" jirani mmoja alimtania.

"Inafika kwa mkwe wako. Nikifika nitakusalimia."

Usiku aliniuliza, "Hivi linapona, au nimelizoea?"

Siku ya mtihani ilifika. Sada alikuwa amemruhusu, kwa sharti asilazimishe kitu. Alipanda vizuri mpaka kwenye ufa ule ule. Mguu ukaingia, ukakwama. Nikaona kisigino kinaanza kwenda nje. Kikasimama. Kikarudi ndani, kikasimama tena.

"Da Febro, utoe ulivyouingiza!" nilimpigia kelele.

"Nimesahau nilivyouingiza!"

Ngusa akakaza kamba. Febronia akaning'inia pale, ameegemeza paji la uso kwenye jiwe, na sisi chini hatukujua tumshauri nini. Kisha akainama, akalegeza kamba za kiatu, akachomoa mguu mtupu. Kiatu kikabaki mwambani. Yeye akaendelea kupanda hadi juu, mguu mmoja peku. Huko akaketi, akalinyoosha goti na kulikunja, akainua kidole gumba.

Ngusa alitazama karatasi yake ya alama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Hapa hawajaandika habari za kuacha kiatu," alisema. "Amefika?"

"Amefika, mwalimu."

"Goti limelia?"

"Halijalia."

Akakuna kichwa, akaandika jina la Febronia kwenye orodha ya waliofaulu. Kisha akauliza ni nani atakayepanda kukitoa kile kiatu.