Leso ya Severini

Hakuna kitu cha hospitali kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeishia darasa la saba, na la saba lenyewe nilikaa nyuma kabisa, lakini miaka ishirini na tisa nilikuwa mhudumu wa wodi, na wapo madaktari wenye vyeti vya kujaza ukuta walioniuliza, "Mzee Gaspari, wewe unaonaje?" Nawaandikia vijana wanaoanza kazi hii wakidhani ni deki na ndoo tu.

Siku ya kwanza, kwenye zahanati kule Chita, Mganga Mfawidhi alinikabidhi ndoo ya matapishi. Nikatoka mbio nikaimwage shimoni.

"Simama hapo," akaniambia. "Usimwage kitu cha mgonjwa kabla hujakitazama."

Nikatazama. Nimetazama tangu siku ile: mkojo, usaha, makohozi. Ndiyo sekondari yangu.

Nilipohamishiwa Ifakara, wodi ya upasuaji ya wanaume, Muuguzi Kiongozi alinifundisha maji ya ubongo. Ubongo, vijana, hauko mkavu. Unaelea kwenye maji maangavu kama ya kisima. Mtu akipasuliwa fuvu, utando unaoyashika maji hayo ukibaki na tundu, yanachuruzika puani au sikioni, na njia yanayotokea ndiyo wadudu wanaingilia. Hapo ni homa ya uti wa mgongo, na wengi hawaamki. Kwa hiyo kwanza ujue kama ni maji ya ubongo au ni mafua, halafu utafute tundu liko wapi. Kwenye la kwanza nilikuwa bingwa. Unaanika kitambaa alichofutia pua. Kikikauka kikakakamaa, ni kamasi. Kikibaki laini, kimbia ukamwite daktari.

Mwaka wangu wa mwisho akaletwa Severini, jirani yangu wa Kibaoni, mwendesha mashine ya kukoboa mpunga. Mkanda wa mashine ulikatika ukampiga nyuma ya sikio la kulia, mfupa ukapasuka. Alipasuliwa Dar es Salaam, akarudishwa kwetu auguze kidonda. Mdomo wake haukupata ajali.

"Dokta wa ndoo!" akanipokea. "Nimekukimbia mpaka Dar, narudi bado upo?"

"Nilikuwa nakusubiri nikuoshe miguu. Ina pumba mpaka leo."

Alikuwa anafuta pua. Mafua, akasema, nani anafanya kazi mashineni msimu wa mavuno akakosa mafua? Nikachukua leso yake iliyolowa, nikaianika dirishani. Ilikauka ikasimama kama chapati ya jana.

Daktari wa Upasuaji alikuwa na wasiwasi, alitaka mgonjwa arudi Dar. Nikamjibu wodi nzima ikisikia, "Dokta, haya ni mafua. Kama siyo, nauli ya mkewe kumfuata Dar, kwenda na kurudi, natoa mimi."

Akacheka. "Haya, nitamwona tena jioni. Kama ni mafua, kesho aende nyumbani."

Mchana nikapita na deki upande wake wa kulia. "Severini, wanasema tangu uondoke mashine inakoboa vizuri!"

Kimya. Mtu ambaye hajawahi kuacha dhihaka ipite bure, anatazama dari tu. Nikazunguka kushoto, nikarudia.

"Aliyesema hivyo alete mchele wake tuuone!" akaruka.

Sikio la kulia lilikuwa limeziba. Nikamwinamisha, nikamkingia pua kwa shashi safi ya hospitali. Tone, tone, tone. Nikaianika. Ikakauka laini vilevile.

Mkewe, Mama Tekla, akaingia na uji. Nikamwuliza, "Shemeji, leso hii unaifuaje?"

"Nafua, halafu naichovya kwenye maji ya mchele ili isimame. Kwani wewe ulitaka nimlete mume wangu hospitali na leso iliyolegea?"

Nakiri, hapo nilishangaa. Hata shati langu la kanisani linachovywa kwenye maji hayohayo.

Nikaenda kwa Daktari. "Dokta, nimekosea. Yale ni maji ya ubongo. Na nadhani tundu haliko puani, liko sikioni."

Akalimulika sikio kwa kurunzi yake, akatazama muda mrefu. "Ngoma ya sikio ni nzima, lakini nyuma yake kumejaa maji. Yamekosa mlango, yakafuata mfereji unaoshuka nyuma ya pua. Tungehangaika na pua hii wiki nzima. Nani amekufundisha?"

"Ndoo," nikamjibu.

Gari la hospitali lilimpeleka Severini Dar siku ileile. Vipimo vikaonyesha tundu nyuma ya sikio, likazibwa, akarudi na mdomo wake.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na hamsini na tano, nalima mpunga Lumemo. Severini akipita ananiita dokta wa nauli. Nami siku zote namwita kutoka upande wa kulia, makusudi. Anajibu, tena kwa matusi, na roho yangu inatulia.

Kujisifu sijaacha. Ila vijana, anikeni kitambaa cha hospitali, msianike cha nyumbani. Somo hilo nililipia stendi, nikimkatia Mama Tekla tiketi za kwenda na kurudi. Ndiyo ada pekee niliyolipa tangu darasa la saba: shilingi elfu sitini na sita.