Malori ya Krismasi ya Fundi Kilonzo

Sisi tuliokulia Ikutha tulijua Krismasi imekaribia tuliposikia nyundo ya Fundi Kilonzo. Mwaka mzima alitengeneza koroboi na karai, lakini mvua za Novemba zikishanyesha aliweka hayo yote kando na kuanza malori. Kama ulikuwa mtoto wakati huo, najua sasa hivi unatabasamu.

Kila mwaka lori lilikuwa jipya, na la mwaka uliopita hakulirudia hata umlilie vipi. La kwanza lilikuwa la kubeba mchanga, tela lake likiinuka kwa kamba. Likafuata la ng'ombe, lenye ng'ombe watatu wa mbao ndani, halafu la soda, halafu la jeshi lenye turubai la gunia. Bodi ilikuwa mikebe ya mafuta ya kupikia, magurudumu yalikatwa kwenye akala zilizochakaa, vile viatu vya matairi. Ulimpelekea fundi mikebe mitatu, ukakwaruza jina lako ndani kwa msumari, ukangoja mpaka Desemba. Bila mikebe, hakuna lori. Watoto wa siku hizi wakitaka gari wanagusa tu simu ya mama yao, na likifika wanauliza, "Ni hii tu?"

Kaka yangu Muthiani alikuwa nayo yote manne, ameyapanga juu ya sanduku la baba, na ole wako uyaguse. Mimi sikuwa na hata moja. Mikebe ya nyumba yetu niliiosha mimi kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, lakini jina lililokwaruzwa ndani lilikuwa lake. Mama alikuwa akisema, "Msichana na lori, wapi na wapi? Wewe shona mdoli." Nilishona mdoli, na nikamchukia yule mdoli.

Nilipokuwa darasa la nne, fundi akatengeneza tanki la mafuta. Jamani! Jekundu, lenye ngazi ya waya na kifuniko kinachofunguka juu. Nilitumwa kuchukua koroboi nikalikuta kwenye rafu, tayari, jina la Muthiani likionekana kwa ndani. Fundi alikuwa nyuma ya kibanda akichochea makaa. Mpaka leo sijui mkono wangu ulifikaje pale. Lori likaingia kwenye kiondo, nikalifunika kwa sukuma wiki, nikaenda zangu. Nililificha ghalani, chini ya magunia matupu.

Siku ya soko fundi alipanda juu ya kreti, mbele ya watu wote.

"Lori ya mtoto wa watu imeibwa kwangu," alisema. "Aliyechukua arudishe kabla ya Krismasi, sitamuuliza kitu. Asiporudisha, naenda kwa wazee wa kithitu. Msije mkasema sikuwaambia."

Akina mama wakawavuta watoto wao karibu. Aliyezaliwa Ukambani hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine nitasema: kithitu ni kiapo cha wazee, na tuliambiwa kikimtafuta mwizi hakianzi na yeye. Kinaanza na wadogo wa nyumba yake, mmoja mmoja, huku yeye akitazama. Hata baba yangu, mzee wa kanisa aliyesema ni mambo ya shetani tu, alipunguza sauti alipokitaja. Nyumbani Muthiani alilia siku hiyo nzima, na mama akatuuliza mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Sijui, mama."

Nilitaka kulirudisha. Lakini niliogopa fimbo ya mama, na zaidi niliogopa aibu ya baba mbele ya kanisa. Nikasema kesho, kesho ikawa kesho kutwa. Ndipo Mwende, kitinda mimba wetu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akashikwa na homa. Mwili ulikuwa moto. Alikataa uji, akakataa kunyonya, na aliponitazama niliona hanijui. Mama alisema ni malaria, akawa anamkanda kwa maji. Baba aliomba mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilisimama mlangoni nikijua, au nikidhani najua, ni nani anayemuua mtoto. Nimezaa mara nne na nimefiwa na mume, lakini hofu kama ile sijawahi kuipata tena. Majirani walikuwa wakipika chapati, zile za mara moja kwa mwaka, na mimi sikwenda hata kuomba kipande.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nilichukua kiondo nikakimbia mpaka kwa fundi.

"Fundi, lori ndiyo hii. Ondoa kithitu. Mwende anakufa!"

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, fundi alikuwa ameketi chini mchangani, mikono kichwani.

"Sikwenda, mama," aliniambia. "Sikufika kwa wazee. Nilisema tu kutisha." Akajigusa mdomo. "Lakini nilitamka mbele ya watu. Woi, nilitamka kwa mdomo huu."

Kumbe mtu mzima naye huogopa. Hilo lilinitisha kuliko yote. Akainuka, akashika nyundo, akaliponda lile tanki mpaka likawa bapa, kama mtu anayeua nyoka. Halafu akaniambia, "Usimwambie mtu. Na mimi sisemi." Akachukua baiskeli tukaenda nyumbani, akamwambia mama amesikia mtoto anaumwa. Mama akakaa kwenye keria na Mwende kifuani, fundi akawasukuma mbio kwenye mchanga mpaka zahanati.

Mwende alidungwa sindano, na Krismasi jioni akanywa uji. Nililia mpaka mama akashangaa.

Fundi hakusema mpaka tulipomzika. Wala hakutengeneza lori tena. Desemba iliyofuata watoto walimpelekea mikebe, akawaambia macho yameanza kumsumbua. Macho hayo hayo yaliendelea kutoboa matundu ya koroboi miaka mingi sana, nami nikapita pale kila siku nikitazama chini.

Muthiani sasa ni babu, anaishi Mbooni, na malori yake manne bado anayo. Kuna mtu mwenye hoteli kule Kiboko aliyetaka kuyanunua ayapange ukutani. Muthiani akakataa, akasema hayajatimia. Kila Krismasi huwaonyesha wajukuu, nao huyageuza juu chini wakitafuta pa kuweka betri. Halafu husema, "Kulikuwa na la tano. Aliyeiba, sijui kama alipata raha." Mwende humcheka na kumwambia aachane na mambo ya mikebe. Mimi huenda jikoni.

Wajukuu hawa hawakiogopi kithitu. Ukiwatajia watakuuliza kama ni app. Nashukuru, maana sitaki mtoto yeyote abebe nilichobeba. Ila wana magari sanduku zima na hawana hata moja walilolingoja, na nikiwaona hivyo nakumbuka ni nani aliyewanyima watoto wa Ikutha Desemba zao.

Nikiwa mbele ya Muthiani siwezi kulisema, ndiyo maana nimeandika. Muthiani, kaka yangu, tanki lako nililiiba mimi. Krismasi hii nitakuja Mbooni, kama bado utanifungulia mlango.