Prezidaa, rafiki yake wa bungeni na msiba tuliouandaa saluni (Durban, 2013)

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na nyie mnaosoma kimyakimya mkaondoka bila hata kuacha like.

Hii nimeiishi mwenyewe. Majina nimebadilisha kwa sababu baadhi ya wahusika bado tunatumiana voice note, ila mengine yote ni kama yalivyokuwa. Atakayeona ni chai, aongeze sukari anywe.

Mwaka 2013 nilikuwa Durban, mtaa wa Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Kibarua changu kilikuwa kwenye internet café ya mzee mmoja Mhindi wa Chatsworth. Yeye anakuja kufungua na kufunga tu, kutwa nzima duka nimeachiwa mimi.

Tunachapa CV, tunatoa photocopy, tunawaunganisha watu Skype na ndugu zao Bukavu, Goma, Dar.

Mlango wa pili ilikuwa saluni ya Mama Noela, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Kona nzuri kweli, iko pale kwenye robot (ndivyo wanavyoita taa za barabarani), gari zikisimama abiria wanasoma bango lake wapende wasipende. Alikuwa na msaidizi wake Mzulu, binti anaitwa Thandeka, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi.

Sasa njooni kwa Papa Sylvain, naye Mkongo.

Huyu alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wageni pale mtaani. Hakuna aliyekumbuka kumchagua. Sisi Wabongo tulimwita Prezidaa. Suti kila siku, hata kwenye lile joto la Januari la Durban ambalo unaoga na kutoka jasho kwa wakati mmoja.

Nguvu yake ilikuwa moja tu: "rafiki yangu Cape Town."

Alikuwa na mheshimiwa wake bungeni (jina kapuni, tumwite Mheshimiwa D). Kila sheria, kila uvumi, Prezidaa anasogea pembeni na simu, anaongea kwa sauti ya kutosha tusikie. "Oui, Honorable. D'accord, Honorable." Akirudi, watu wanamzunguka kama kuku waliosikia debe la pumba.

Kwa ajili ya huyo rafiki, Prezidaa alikuwa hapangi foleni saluni. Kwenye sherehe anakaa meza ya mbele. Kichwa cha samaki ni chake hata kama mwenye mtoto anayebatizwa ni mwingine.

Mwaka huo redio zikaanza kuongelea muswada wa leseni za biashara ndogo. Kila mwenye kibanda alitakiwa kujisajili upya, na kwa wageni masharti yalionekana magumu. Mtaa ukaingia baridi. Watu wenye karatasi za ukimbizi wakaanza kuulizana nani ana ndugu Maputo.

Jumapili moja baada ya ibada, Prezidaa akasimama nje ya kanisa akatangaza kwa Kiswahili chao cha Kongo, kile ambacho 'wa' inakuwa 'ba' na 'mais' ni 'lakini'.

"Ndugu zangu, ile sheria ishapita. Honorable ameniambia yeye mwenyewe. Alipigana mpaka mwisho mais bamemushinda kwa kura. Mwisho wa mwezi, mgeni hapana kuwa na magazin kwa jina lake."

Watu wakashika vichwa. Mama mmoja akakaa chini palepale na nguo yake nyeupe.

Halafu akaleta dawa. Yeye alikuwa ameoa mwenyeji na ana kile kitambulisho cha kijani cha wenyeji. Kwa hiyo, kwa moyo wake mzuri, alikuwa tayari duka la mtu liandikwe jina lake. "Mtaendelea kufanya kazi kama kawaida, jina tu ndiyo langu."

Na angeanza na nani? Na Mama Noela. Kona ya kwenye robot.

Kesho yake Mama Noela akaingia kwangu macho mekundu.

"Kaka, nichapie karatasi. Andika kwamba mimi namwachia Papa Sylvain ile saluni."

Nikaanza kuchapa. Nimefika katikati, vidole vikagoma.

"Mama Noela, hii sheria inaitwaje?"

"Miye sijue. Iko sheria tu. Ishapita."

Wakuu, hapa nisimame kidogo niwaeleze kitu.

Kuna tovuti kule inafuatilia bunge lao. Ukiandika jina la bill inakuonyesha imefika wapi: iko kamati gani, kamati imekaa au haijakaa, nani alihudhuria, nani kaomba udhuru, nani kasema nini. Ukibonyeza jina la mbunge unaona kumbukumbu zake. Kura zao nyingi wanapiga kwa chama, kwa hiyo usitegemee kumwona kila mmoja na kidole chake, ila kuna siku kura inahesabiwa moja moja, na hapo unaona hadi waliokwepa.

Alinionyesha Mbongo mmoja mwanafunzi wa sheria aliyekuwa anakuja kuprint kwangu. Nikanogewa. Wengine walikuwa wanafuatilia ligi ya Uingereza, mimi nafuatilia kamati. Nilikuwa na mbunge wangu kipenzi wa kamati ya kilimo ambaye kila kikao, mada iwe maji, iwe mbolea, lazima aulize kuhusu mbuzi. Sijawahi kukutana naye lakini nikiona jina lake kwenye waliohudhuria nilikuwa nafarijika.

Basi nikaingia humo, nikautafuta ule muswada.

Haujapita. Haujapigiwa kura. Haujafika hata kamatini! Ilikuwa rasimu, wizara imeitoa ili wananchi watoe maoni, na muda wa maoni ulikuwa bado wazi.

Nikamgeuzia Mama Noela kioo cha kompyuta. Kiingereza chake cha saluni tu, nikamsomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Akakisogelea kioo. Kisha akasema polepole, "Donc ile kura bamemushinda Honorable, bamepigia wapi?"

Hilo swali ndilo lililotuponza. Nikasema hebu tumtazame na huyo Honorable mwenyewe.

Nikaandika jina. Ukurasa ukafunguka. Picha yake ile, mzee wa watu, anatabasamu. Chini yake maelezo mafupi.

Alikuwa amefariki. Mwaka uliopita.

Nikasoma tena. Nikaenda kwenye magazeti, nikakuta hadi habari za mazishi.

Mama Noela akanielewa. Akajishika kiuno, akainama, nikadhani analia. Kumbe mama wa watu anacheka hadi amekaa sakafuni, kitenge kimemfunguka, na wateja wa Skype wanageuka na headphone zao masikioni.

Mimi nilikuwa nimepandwa na hasira. Nikasema twende sasa hivi tukamuumbue.

"Hapana, kaka. Ukimwambia iko muongo, atasema ni wivu ya Watanzania. Acha tumpe pole."

"Pole?"

"Amefiwa. Muntu akifiwa banamupa pole."

Prezidaa alipopita kuulizia karatasi, Mama Noela akamkalisha kiti kizuri, akamuuliza kwa unyenyekevu hajambo Honorable, ameongea naye lini.

"Jana tu. Anabasalimia bote."

"Aksanti, Papa. Njoo Jumamosi mchana, tutamaliza ile maneno yetu mbele ya watu."

Jumamosi hiyo, wakuu, sijawahi kuona saluni ikageuka msiba vile. Vioo vimefunikwa vitenge. Viti viko nje hadi kwenye lami. Wamama wa Kikongo wamejifunga vichwa, chai inachemka, sufuria la beignets, maandazi yao, limejaa. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kuprint picha ya marehemu kutoka kwenye tovuti. Ikawekwa kwenye fremu, na ua la plastiki pembeni.

Thandeka hakuambiwa mpango wote. Aliambiwa kuna mheshimiwa amefariki. Basi binti akaimba nyimbo za msiba za Kizulu kwa sauti iliyowatoa watu kwenye flat za juu. Wapita njia wakawa wanavua kofia. Dereva mmoja wa taxi akazima muziki.

Prezidaa akatokea na suti yake ya kijivu, kalamu ikiwa mfukoni.

"Eh! Nani amekufa?"

Mama Noela akamkumbatia kwa nguvu. "Pole sana, Papa Sylvain. Pole kabisa."

Wamama wakapanga mstari. Pole, Papa. Jikaze, Papa. Mungu ndiye mpangaji, Papa. Mwanaume wa watu anapokea pole huku shingo inazunguka akitafuta maiti ni ya nani. Mpaka macho yake yakatua kwenye fremu.

Akaisogelea.

"Hii... hii iko picha ya Honorable."

"Ndiyo, Papa."

"Mais iko mzima! Tumeongea naye..." Akaishia hapo.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kitanga, fundi viatu, Mzee Rajabu. Mtaratibu sana, hajawahi kumtania mtu. Akauliza kwa heshima zote, kikombe mkononi, "Sheikh, huko aliko mtandao unashika vizuri?"

Wakuu, niliingia ndani ya saluni nikang'ata taulo.

Watu wakapasuka. Wamama walioshika vichwa kwa msiba sasa wameshika mbavu. Thandeka akauliza kinachoendelea, alipotafsiriwa akapiga yowe, "Eish! Hawu, baba!" akaacha kuimba.

Ila kilichofuata hakuna aliyekitegemea.

Prezidaa hakukimbia, wala hakubisha. Alivuta kiti karibu na ile picha akakaa. Akaitazama muda mrefu, hadi kicheko kikaanza kupungua chenyewe.

"Amekufa kweli?" akauliza. Sauti haikuwa ile ya kwenye simu.

"Kweli, Papa," nikamjibu. "Mwaka jana."

Akaanza kuongea bila kumwangalia mtu. Kwamba alikutana na yule mzee mara moja tu, kwenye hafla moja Morningside alikokuwa mlinzi wa mlangoni. Wageni wote walimpita kama nguzo. Yule mzee akasimama, akamshika mkono, akamuuliza jina, akamuuliza kwao wapi, akampa kadi yake. Alipiga ile namba mara nyingi, haikupokelewa. Akaendelea kuongea na simu iliyokatika, kwa sababu alipofanya hivyo watu walianza kumsalimia.

"Tangu nifike hii inchi, ule tu ndiyo aliniuliza jina yangu," akasema.

Na akalia. Machozi ya kweli, yanadondokea kwenye suti.

Wakuu, tuliandaa msiba wa utani, tukapata mfiwa wa kweli.

Mama Noela akasimama, akamimina chai, akamwekea beignets mbili kwenye kisahani. Halafu akamwambia maneno ambayo mimi nilikuwa sina ubavu wa kumwambia:

"Papa, kwa marehemu, pole, hii nasema ya kweli. Mais kwa saluni yangu, ulitaka kuniibia. Ile sitasahau leo."

Akainamisha kichwa. "Ndiyo, Mama. Nilitaka."

Hakurudi kwenye uenyekiti. Wapo waliokataa kumsalimia mpaka naondoka Durban, na siwalaumu.

Lakini muda wa maoni ulikuwa unakimbia, na ukweli ni kwamba pale mtaani hakuna aliyeandika Kiingereza cha kiofisi kumzidi yeye. Mama Noela mwenyewe ndiye aliyemleta café. Akamkalisha kwenye kompyuta, akasimama nyuma yake kama askari magereza.

"Andika. Na usiweke rafiki yeyote ndani."

Akaandika. Kwamba sisi ni wasusi, mafundi simu na wauza nguo, kwamba tunalipa pango, kwamba tumeajiri wenyeji, na Thandeka akaongeza ya kwake kwa Kizulu. Nikatuma kwa email.

Ulipoitishwa mkutano wa kusikiliza maoni hapo mjini, tulienda. Mama Noela akapewa maiki, akaongea. Prezidaa alikaa viti vya nyuma.

Baada ya hapo nikawa na kazi mpya. Kila asubuhi kabla saluni haijafunguliwa, Mama Noela anapitia kwangu: "Kaka, bill yetu imelala wapi?" Na mimi nafungua tovuti, namwambia. Bado wizarani. Bado. Bado. Mtaa mzima ukazoea, hata wauza simu wakawa wanauliza nani yuko kamati gani kama wanavyoulizia majeruhi wa timu.

Mwishowe rasimu ikarudishwa kuandikwa upya. Sitawadanganya kwamba ni kwa sababu yetu, walioipinga walikuwa wengi na wakubwa kuliko sisi. Ila mpaka nafungasha kurudi Tanga ilikuwa haijapita, na bango la pale kwenye robot lilikuwa bado limeandikwa Noela.

Nilichojifunza: anayekuambia sheria imepita, muulize inaitwaje, iko hatua gani, nani kapiga kura. Majibu yapo wazi kwa yeyote mwenye bando. Tunaogopa kwa sababu tunaletewa habari mdomoni na watu wenye shida zao.

Na la pili, ambalo bado linanisumbua: yule baba tulimfanyia sawa, au tulivuka mpaka? Mama Noela anasema alistahili. Mimi siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine nakumbuka yale machozi.

Uwanja ni wenu, wakuu, povu ruksa. Na mwenye kujua kama huku kwetu kuna tovuti ya namna hiyo aimwage hapa, maana mbunge wangu nina maswali naye. Ila asije mtu kuniambia ana rafiki yake bungeni.