Stendi ya Kumpigia Picha Mkwe

Wenzangu wakisikia harufu ya mavi ya popo huziba pua. Mimi hucheka, kwa sababu hunirudisha kwenye pango moja juu ya ziwa, kule kwetu Kyela, na kwenye stendi ya kamera iliyomhangaisha mama.

Babu mzaa baba alizaliwa mle pangoni, mafuriko yalipowakimbiza watu bondeni. Uzeeni akataka picha moja tu kabla hajafa, apigwe mlemle. Mpiga picha wa ukoo alikuwa mama, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa mila yetu ya Kinyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Mama akimwona babu njiani alijitosa kwenye mikakao, hata akiwa na kitenge kipya.

Basi ilitakiwa stendi ya kusimama peke yake, mama akiwa nje. Gizani kamera hukaa jicho wazi muda mrefu. Miguu ikitikisika, babu anatoka na pua mbili. Mama alizijaribu stendi kwenye tope la majaruba ya mpunga ya Bujonde, laini kama mavi ya popo yaliyotanda pangoni. Ya dukani, yenye kung'aa, ilipiga magoti kama inasali. Akachagua ya mbao, nzito, ya kuazima kwa mpima ardhi. Tulipopita nayo kijijini watu walitufuata wakiuliza shamba la nani linachukuliwa.

Pangoni mama aliwasha chemli, akailenga kamera kwenye jiwe la kukalia, akaenda kujificha nje nyuma ya jabali. Babu akaingia. Kubonyeza ilikuwa kazi yangu.

"Mwambie mama yako, nitazame wapi?" babu aliuliza, kwa sauti iliyofika mpaka nje.

Nikakimbia kwa mama.

"Mwambie babu atazame popote apendapo, ila asitikisike."

"Haya," babu akaitikia kutoka ndani, hata sijageuka.

Aliikazia macho kamera. Popo akamnyea kofia, hakutikisika.

"Ndaga fijo," alishukuru, uso ameuelekeza mlangoni.

Picha ilitoka safi, doa la kofia likiwemo. Shangazi akaonya kwamba mkwe hatazamwi hata kwenye karatasi. Mama akamjibu kuwa anakagua kazi yake, akaikagua jioni nzima. Nilidhani anatafuta kosa.

Leo nami ni mkwe wa watu, na ndipo nimeelewa. Mzee angeweza kutazama ukuta. Aliambiwa popote, akachagua jicho la kamera, yaani kumtazama mkwewe. Na mama, baada ya miaka yote ya kumkwepa, akamtazama kwenye karatasi jioni nzima.