Mrenda Juu ya Paa la Najma

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta mama mkwe wangu ameketi kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, nje ya mlango wetu, mkoba mapajani. Aliponiona aligeuza uso ukutani. Nami niligeuza wangu upande wa pili, nikapita ubavu ubavu, nikaingia ndani.

"Mama yuko nje," nilimwambia mke wangu.

"Najua. Hawezi kukaa ndani ya nyumba ambamo mkwe wake amelala."

Mtoto wetu hakuwa ametimiza wiki mbili. Tulikuwa tumemngoja miaka mingi. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji akiwa na miaka arobaini na mmoja, na hakuweza kuinua hata sufuria ya uji. Mama yake alikuja kutoka Kakamega kumsaidia kwa miezi mitatu. Kwetu magharibi ya Kenya, mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Nyumbani jambo hilo halisumbui, kwa sababu boma lina nyumba kadhaa. Sisi hapa Najma, katika nchi ya Waarabu, tulikuwa na vyumba viwili tu. Nilikuwa nimeomba zamu ya usiku hotelini, ninakotengeneza mitambo ya kupoza hewa, nikaona nimelimaliza tatizo. Nilisahau kwamba mtu wa zamu ya usiku hulala mchana.

"Anataka kubadilisha tiketi arudi wiki ijayo," mke wangu alisema, macho kwa mtoto. "Nimeuliza. Ada ni riyali mia nne na hamsini."

"Na wewe unatakaje?"

"Mimi namtaka mama yangu."

Kitu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa juu ya paa. Kwa miaka minne mlinzi wa jengo, Mmisri, alikuwa ameniruhusu kupanda mboga huko, kwenye maboksi meupe ya samaki niliyoyaokota bandarini Al Wakrah. Nilijifunza kwa kusoma na kwa kuharibu. Ulikuwa mwezi wa tatu, na sukuma wiki yangu ilikuwa inaishia: majani yamekakamaa, vidukari wamejaa chini yake. Siku hiyo sikulala. Nilitandika neti ya kivuli kutoka kwenye tangi la maji hadi ukutani, nikaweka kiti na mkeka, kisha nikamtuma mke wangu amwambie mama kwamba asubuhi, nikiwa nimelala, paa ni lake.

Alipanda. Akaona nimeng'oa sukuma ya maboksi mawili.

"Huyu mume wako ni mzima?" nilimsikia akimwuliza bintiye kutoka mlangoni nilipokuwa chumbani. "Mwezi wa tatu mtu anang'oa? Mwezi wa tatu watu wanapanda!"

Alikuwa na mbegu alizozifunga kwenye pindo la leso. Akapanda sukuma, kama alivyopanda kila mwaka wa maisha yake mvua za masika zilipokaribia. Miche ikatoka vizuri, akaacha kuitaja tiketi. Halafu adhuhuri moja aliona imenyauka kidogo, akafungua mpira wa maji uliokuwa umelala juani tangu asubuhi, akainywesha. Jioni miche yote ilikuwa imelala chini kama mboga iliyotolewa chunguni.

"Hata udongo wa huku haunitaki," alimwambia mke wangu. "Lipeni hiyo ada, niende."

Mke wangu alilia bila sauti, mtoto akiwa titini. Nilitaka kumtuma aseme lile nililotaka kusema, lakini hangeweza kupanda ngazi zile mara nyingi na kidonda chake. Kesho yake asubuhi nilipanda mwenyewe, nikasimama nyuma ya mlango wa chuma unaotokea paani, nikaurudisha.

"Hodi, mama. Ni mimi. Niko nyuma ya mlango, sitoki."

Akajibu: "Semea hapo hapo."

"Si mkono wako ulioua miche. Ni mpira. Maji yakilala ndani yake juani yanachemka. Lazima uyamwage ya kwanza mpaka yaje ya baridi. Mwaka wangu wa kwanza niliua nyanya zote hivyo."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Na bado binti yangu anakula mikononi mwako!" Akacheka, nami nikacheka. "Sasa huku mtu hupanda lini?"

Nilimweleza. Nyumbani mkulima hungoja mvua. Hapa hungoja joto lipungue. Mbegu za sukuma, spinachi na dania hutiwa udongoni mwishoni mwa mwezi wa tisa au wa kumi, huvunwa msimu wote wa baridi, na mwezi wa nne udongo hufunikwa ukapumzika.

"Kwa hiyo nimefika sherehe imekwisha."

"Una mbegu gani nyingine?"

"Kunde. Na mrenda."

"Mrenda huvumilia jua?" Sikujua. Nilikuwa nimesoma habari za mboga za baridi tu.

"Mrenda? Huo ukipigwa na jua ndio unacheka."

Tukaupanda, yeye upande wake wa mlango, mimi upande wangu nikimletea maji kwenye ndoo. Nilikuwa nayachota alfajiri nikitoka kazini, nikayaacha chini ya ngazi penye kivuli. Kila asubuhi kabla ya kulala nilipiga hodi mlangoni, tukazungumza juu ya udongo, mtoto, na kidonda cha bintiye kilivyokuwa kikipona. Siku moja alimlaza mtoto kwenye mkeka karibu na mlango, akarudi nyuma hadi kwenye tangi, akasema, "Mchukue. Anafanana na wewe akikasirika." Nilifungua, nikamchukua bila kuinua macho.

Mrenda ulipofika magotini, yule Mmisri aliuona akapiga kelele kwa furaha, akiutaja kwa jina la kwao, "Mulukhiya!" Mama alimfungia fungu, akaniambia kupitia mlangoni, "Kumbe hata hawa ni watu wa mrenda." Siku hiyo aliupika, akasonga na ugali. Sahani yangu niliikuta kwenye ngazi, imefunikwa.

Mwezi wa tano ulipoingia, hata chini ya neti hapakukalika. Niliogopa kumwambia, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa nyumbani. Alisema yeye mwenyewe.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Nimefikiri. Kama mlango huu unatosha kututenga tukizungumza, basi na mlango wa chumbani unatosha ukilala. Ukifungwa, ni boma lingine."

Tangu siku ile alishinda chini na bintiye, nami nikilala mlango umefungwa. Aliondoka mwezi wa sita, siku ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, akaniachia matawi ya mrenda yaliyokauka na mbegu zake, yamening'inizwa nyuma ya mlango wa chuma. Pesa tulizokuwa tumezitenga kando kwa ajili ya ada zilikuwa bado ndani ya kikombe jikoni. Riyali mia nne na hamsini.