Nilivyorudishwa Msibani kwa Jeneza

Aibu hii haijaniisha, vijana wa hapa Mtawanya wakiniona bado wananiuliza huko nilikokwenda kukoje, lakini kwanza niwaambie habari ya kiboko. Nilikuwa mdogo, kwetu Kitaya, kiboko katoka mtoni kaingia kwenye mpunga wa bibi, mlinzi ni mimi, nikakimbia mpaka nyumbani na nikafika nina pumzi ya kumsimulia bibi yote na kuongeza uongo juu. Miguu hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka shamba la mikorosho na kunirudisha miaka yote bila baiskeli, na ndiyo maana kwenye misiba, jeneza likitoka msikitini, bega la mbele lilikuwa langu.

Basi ikaja korona. Mwanangu akapiga simu kutoka Dar, baba usitoke, wazee ndio wanaokwisha. Nikatii (mimi, nisiyetii hata mvua). Jirani yangu Bakari naye kazuiwa na wanawe, tukawa wawili barazani kwake, viti tumeviachanisha, sinia katikati: mihogo ya kukaanga, korosho za chumvi, chai ya tangawizi yenye sukari ya kusimamisha kijiko, maana tuliambiwa tangawizi ni kinga. Korona ikaondoka, sisi hatukuondoka. Shamba nikamwachia mtu. Nesi wa zahanati akatupima presha, akasema mishipa imejaa mafuta, moyo unasukuma damu kama mtu anayesukuma mkokoteni kwenye mchanga, punguzeni chumvi, tembeeni. Bakari akamjibu kwamba moyo wake unasukuma tangu enzi za mkoloni, hauwezi kushindwa na muhogo. Tukacheka, tukarudi kwenye sinia.

Bakari alianguka asubuhi akimfunga mbuzi kamba. Moyo.

Siku ya kumzika mke wangu akaninong'oneza, "Baba Zuhura, leo tembea nyuma." Nyuma! Mimi, nimzike Bakari kwa nyuma! Nikashika mbele. Jeneza letu linakwenda mbiombio na watu wanapokezana, ukichoka unateleza tu pembeni mwenzio anaingia, lakini mimi kila aliyekuja kunipokea nilimpiga kiwiko. Tulipoingia kwenye mikorosho kifua kikabana kama gunia lililokazwa kamba, mkono ukafa ganzi, nikakaa. Nilikaa chini, jamani, katikati ya njia, jeneza likalala upande wangu, na marehemu akaponea chupuchupu.

Issa, mtani wetu wa Kiyao (na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote), akaniinamia. "Kaburi tumechimba la mtu mmoja, mzee. Ngoja zamu yako."

Watu wakacheka, kwenye mazishi. Wakanilaza chini ya mkorosho, wakaenda kuzika, na mimi sikumtilia Bakari hata konzi ya mchanga. Waliporudi na jeneza la msikiti likiwa tupu, mimi kusimama siwezi, gari huko haliingii, Issa akasema, kwani usafiri si huu hapa? Nilikataa, wakanipakia, Issa akanifunika shuka eti jua kali.

Sasa fikirieni wanawake waliobaki msibani, jeneza waliloliaga linatarajiwa kurudi tupu, linarudi limejaa. Kilio kilichopigwa hapo hata Bakari hakukipata. Nikaona niwatulize, nikainuka kitako, nikafunua shuka, na hapo ndipo walipotawanyika mpaka wengine wakaacha viatu. Aliyebaki ni mke wangu peke yake.

"Nilikwambia nyuma," akasema, akakaa chini akalia.

Hospitali walinilaza, wakanipa vidonge vya kumeza maisha yangu yote. Nilipopata nafuu nikaenda kumpa pole mjane wa Bakari. Nikakuta baraza limejaa wazee, sinia katikati, mihogo inameta mafuta, Issa anainyunyizia chumvi.

"Kaa, mzee," akasema. "Chako kimevunjika mguu, kaa kwenye cha Bakari."

Nikakitazama kile kiti. Nikampa mjane pole yake, nikageuka, nikashika njia ya shamba, polepole, nikipumzika kila penye kivuli. Wakaniita, wakaniita tena. Kwenye baraza lile sijakanyaga mpaka leo.