Marehemu Aliyeniitikia Shikamoo

Jumatatu ya kwanza ya Machi nilimzika mke wangu. Jumatatu ya tatu nilirudi kazini Mwembesongo, kwenye kampuni ya bima. Kazi yangu ni kuhakiki madai, yaani kwenda kuona kama kilichoandikwa kwenye fomu kimetokea kweli. Niliishia kidato cha nne. Kazi yenyewe inataka macho tu.

Safari ya kwanza ilikuwa Kinole. Mkulima wa karafuu aliyekata bima ya maisha alikuwa amefariki, na mjane wake aliomba malipo ili binti yao amalize chuo Mazimbu. Bosi alinipa picha ya marehemu: mzee wa kofia ya kufuma, sweta la kijani na fimbo.

"Ukimkuta anapumua, piga picha unitumie," alisema akicheka.

Nilipanda mlima kwa miguu. Kabla sijafika uani nikamwona. Kofia ile, sweta lile, anachechemea na fimbo katikati ya watu. Nikasimama kwenye migomba, nikamlinganisha na picha mara mbili. Nikapiga picha yangu, nikamtumia bosi. Ndipo nikaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Wa bima huyu? Marehemu ni mimi. Hela zangu umeleta, au nirudi kaburini mikono mitupu?"

Watu wote wakacheka, mjane pia. Walikuwa wanamaliza matanga, na yule alikuwa mtani wa ukoo wao. Mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, wala hagombezwi. Jambo hilo nalijua tangu utotoni. Kwa mke wangu watani hawakuja, kwao ni mbali. Labda ndiyo maana halikunijia akilini.

Simu ikaita. "Safi sana! Faili nalifunga," bosi alisema.

"Bosi, nimekosea. Huyo ni mtani."

"Mtani gani? Kofia naiona, sweta naliona."

Nikamweleza mjane nilichofanya. Akaacha kucheka.

"Sasa baba, mwanangu nimwambie baba yake kafufuka?"

Mtani alivua kofia, akavua na sweta, akanitangulia kwenda kaburini. Nilimtazama miguu njia nzima: alitembea sawasawa kabisa. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza alijifunzaje kuchechemea vile.

"Nilikuwa namfuata nyuma tukienda shamba. Yeye alinicheka meno, mimi nikamcheka mguu."

Akasimama kando ya kaburi, kitambulisho chake mwenyewe kifuani. Nikampiga picha, nikaituma.

Bosi akapiga simu tena. "Andika yote," alisema. "Na ile picha ya kwanza uieleze."

Nikaandika kila kitu, na kwamba kosa ni langu.

Mwezi uliofuata madai yalikubaliwa. Nilimpigia mjane mwenyewe. Akauliza kama mtani naye anatakiwa ofisini. Nikamwambia hapana, aje yeye tu.